Meza Iliyonukia Karafuu Maiti

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mkae. Kwa jina la Mola aliyetufinyanga kwa udongo, na kwa udongo atatufunika, nawaletea kesi. Wapo miongoni mwenu watakaocheka mahali fulani, na sitawazuia. Lakini kesi yenyewe inachefua, nami sitaitia asali ili iwashukie vizuri kooni.

Katika mji wa Tungwani, ambao nyumba zake za mwisho huloweshwa na maji makuu, waliishi dada watatu, mabinti wa Bi Mgeni. Mola aliwagawia vipawa, wala hakumpa mmoja wao vyote.

Batuli, wa kwanza, alipewa pua. Akiingia jikoni kwa watu alijua nazi iliyokunwa jana na mchele uliolala ghalani na panya. Mumewe aliyekuwa akivuta sigara kwa siri aliacha kuvuta, si kwa kuogopa maradhi, bali kwa kuchoka kukamatwa. Kwa pua hiyo Batuli akawa mpishi, na mapishi yake yakawa na jina.

Somoe, wa pili, alipewa ulimi. Angeweza kumwendea mtu aliyeapa kwamba hatoi, akarudi na kile alichokifuata, na aliyekitoa akabaki mlangoni akimshukuru. Wanawake waliogombana na wakwe zao walimtuma yeye mbele, kisha wao wakafuata nyuma wakiwa wamekwisha kusamehewa.

Nunu, wa mwisho, alipewa mikono. Kusuka, kufua, kusugua, kukoroga chokaa: mikono yake haikujua kuchoka. Ila mikono hiyo ilikuwa na bwana dhaifu, nalo ni tumbo lake. Hakuweza kupasua samaki. Akiona damu ya kuku hukimbilia uani, na dada zake humcheka mpaka machozi yawatoke.

Wa nne hakuwa ndugu yao. Huyu ni Bwana Mahfudhi, mwana wa Bi Mize, mchoraji na mkusanyaji. Yeye alipewa jicho. Alizaliwa Tungwani, akaondoka kijana, akazunguka miji ya mbali ambako picha zake zilitundikwa kwenye kuta za matajiri. Na katika picha hizo zote, nawaambia kwa haki, hakuchora mji mwingine ila Tungwani: vichochoro vyake, baraza zake, kuta zake zilizoliwa na chumvi. Aliupenda mji huo, nani atakana? Lakini aliupenda kama mtu anavyopenda kitu kilichokufa. Aliporudi uzeeni alijenga nyumba kubwa ufukweni, akaanza kuijaza: milango ya kuchonga, viti vya enzi, masinia ya shaba, visahani vilivyobanduliwa kwenye makaburi ya kale. Wenye njaa waliuza, naye akanunua. Watu waliiita Nyumba ya Vitu. Tumeonywa kuhusu anayekusanya na kukusanya, akidhani alichokusanya kitamdumisha. Onyo hilo husomwa Tungwani kila siku kwa sauti nzuri sana.

Sasa mjueni na mama. Bi Mgeni alikuwa mwosha maiti wa wanawake. Katika mji ule, mwanamke akifa, aliitwa yeye kabla ya kuitwa mshona sanda. Na alikuwa na chombo chake: ubao wa mbambakofi wenye miguu minne, ulioinama kidogo upande wa miguuni, wenye mfereji katikati na tundu mwishoni pa kutokea maji. Ukingoni pake fundi wa zamani alichonga majani ya mkunazi, kwa kuwa kwa majani hayo tunawaosha wafu wetu. Ubao ule ulikuwa wakfu. Haukuwa wa mtu. Juu yake walipita bibi na wajukuu, matajiri na mafukara, mabibi harusi waliokufa na hina mbichi miguuni. Bi Mgeni aliwaosha wote kwa maji ya mkunazi na karafuu maiti, akawasitiri, akanyamaza. Aliyoyaona kwenye miili ya watu hakuyatoa nje hata mara moja.

Kisha miguu yake ikafa ganzi, akalala ndani.

Akiwa amelala ndani, msamaria mmoja alileta msikitini kitanda kipya cha kuoshea, cha bati linalong'aa, chenye magurudumu. Kamati ikafurahi. Mwenyekiti akasema, "Hiki ndicho chombo cha watu wa leo. Lile gogo la kale litoeni, linatia aibu." Wakautoa ule ubao. Hawakuuzika, hawakuufunika, hawakuuweka hata chini ya paa. Waliutupa nyuma ya chumba cha maosho, penye jalala, na kuku wakapanda juu yake wakataga, na mbuzi wakakojolea miguu yake. Watu hao hao, wakitoka kuswali, walipita kando yake wakiwa wameshika nguo zao zisichafuke. Mola alimtuma kunguru kumfundisha mwanadamu wa kwanza aliyeua jinsi ya kumsitiri nduguye. Watu wa Tungwani wamefundishwa na mitume, na kunguru amewashinda adabu.

Siku moja ubao haukuonekana. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka haukupita, Bi Mgeni akahisi safari yake imekaribia. Akaomba aitwe Sheikh Mbwana, imamu wa mji, na warithi wake wote. Walipokaa, akasema:

"Sheikh, mimi sina mali. Nina mlango."

Wote waligeuka kuutazama, kwa maana mlango ule si mgeni kwa mtu yeyote pwani ile. Baba yake Bi Mgeni aliuchonga kwa ajili ya harusi yake, na haukuwa na mwenzake. Bwana Mahfudhi alikuwa ameutamani tangu aliporudi. Alikuja mara nyingi kuuchora. Akimaliza kuuchora huomba auziwe, na Bi Mgeni humpa kahawa na kumwambia, "Hapana, mwanangu."

"Basi nasema mbele yenu," Bi Mgeni akaendelea. "Nataka nioshwe juu ya ule ubao niliowaoshea wenzangu. Sitaki kwingine. Yeyote atakayenilaza juu yake, mlango huu ni wake."

Sheikh akawauliza warithi mmoja baada ya mwingine, nao wakaridhia. Hapo Bi Mgeni akauliza, "Ubao wangu mnautunza vizuri?"

Sheikh alitazama miguu yake. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amesimama kizingitini, alikumbuka kwamba ana shughuli.

Basi mabinti wakautafuta. Waliuliza kwa wauza kuni, kwa mafundi seremala, kwa wenye vibanda. Wengine waliwaambia umeoza. Wengine waliwaambia umechomwa. Mama akazidi kudhoofika, na kila jioni aliuliza swali lilelile, wakamjibu, "Upo, mama," kisha wakatoka nje kulia.

Sikilizeni alichofanya Batuli.

Batuli alikuwa mpishi wa karamu za Bwana Mahfudhi. Wageni walikuja kutoka mbali kutazama vitu, nao hulishwa kwenye meza moja ndefu iliyofunikwa kitambaa cheupe. Mchana mmoja mgeni mmoja alisema anataka kuiona mbao yenyewe. Bwana Mahfudhi akavuta kitambaa kwa fahari, kama mtu anayemfunulia bwana harusi uso wa mkewe. Mbao ilikuwa imepakwa vanishi, inameremeta. Batuli akaingia na sinia la biriani lililotoka motoni, akalitua juu ya mbao tupu.

Moto wa sinia uliamsha kitu kilicholala ndani ya mti. Harufu ikapanda.

"Ah!" akasema mgeni. "Mbao hii inanukia vizuri ajabu. Ni manukato gani?"

"Ni mti wa zamani," Bwana Mahfudhi akajibu. "Miti ya zamani huwa na roho."

Batuli alijua ni manukato gani. Ilikuwa karafuu maiti, harufu ya nguo za mama yake katika kila siku ya msiba tangu alipokuwa mtoto. Akainama, akaona mfereji uliozibwa kwa nta na gundi. Akaona majani ya mkunazi ukingoni, na ganda la kamba limekwama kati ya jani na jani. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, wageni wakishaondoka, hukaa kwenye meza ile akala makombo, na mchuzi ukimwagika huuzoa kwa kidole na kukilamba. Hakufika uani. Alitapika palepale, mbele ya wageni, juu ya mkeka wa thamani.

"Batuli! Una wazimu?" Bwana Mahfudhi alipiga kelele.

"Mnakula juu ya kitanda cha maiti!" Batuli akasema, akijifuta mdomo. "Bibi yangu alioshwa na kuminywa tumbo hapo penye bilauri yako, bwana. Hapo hapo!"

Wageni walisukuma viti. Batuli akafukuzwa kazi kabla biriani haijapoa. Lakini ubao ulikuwa umeonekana, na asingekuwepo mwenye pua, ungebaki chini ya kitambaa cheupe mpaka Kiyama.

Sikilizeni na alichofanya Somoe.

Kesho yake asubuhi Somoe alijitanda buibui lake akaenda Nyumba ya Vitu, Nunu akiwa nyuma yake na mkokoteni. Bwana Mahfudhi alikuwa amekaa peke yake mbele ya ile meza, na bilauri ya mvinyo wa jana haijaondolewa.

"Kama umekuja kumwombea dada yako kazi, rudi," akasema.

"Dada yangu kupika kwako tena? Hata kwa ndoto. Nimekuja kuchukua kitanda cha mama."

"Kitanda hiki kilikuwa takataka, binti Mgeni. Nilikikuta kimejaa mavi ya kuku. Mguu mmoja umeoza, mchwa wanakula mwingine. Nilichonga mguu mpya kwa mkono wangu huu. Nilikitia dawa. Nimekipa uhai mara ya pili."

"Ahsante kwa kukitibu. Sasa mgonjwa amepona, arudi kwao."

Bwana Mahfudhi alicheka kidogo. "Ulimi wako nimeusikia tangu zamani. Haunipati. Sikuiba. Mlitupa, nikaokota."

Somoe alimzunguka polepole, kama anayetazama vitu. Akasimama upande wa tundu.

"Bwana Mahfudhi, mama yako, Bi Mize, alioshwa wapi?"

Yule mzee akasema, "Nilikuwa safarini."

"Najua ulikuwa safarini. Uliandika kwamba utakuja. Ndiyo maana nakuuliza, kwa sababu sisi tulikuwepo."

"Unasema nini?"

"Umekusanya vyombo vyote vya maziko yetu, na maziko yenyewe hukuja hata moja. Wallahi, Bi Mize alilala hapa. Kichwa kule, miguu huku. Bilauri yako imekaa kifuani pake."

Bwana Mahfudhi akainua bilauri. Chini yake palikuwa na duara jekundu. Akalifuta kwa mkono wa kanzu, halikutoka. Akatia mate, akasugua kwa kiganja, halikutoka. Halafu akautazama mkono wake, akaunyoosha mbali na mwili wake kana kwamba si wake, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto anayetaka kutapika na hajui afanye nini.

"Uondoeni," akasema. "Uondoeni mbele yangu."

Wakaubeba. Njiani Nunu akauliza, "Dada, Bi Mize si alifia ng'ambo, kwa dada yake?"

"Sijui alifia wapi. Nilikuwa mtoto."

"Umeapa! Umemtaja Mola!"

"Nimeapa. Mama anakata roho, bibi wee. Ulitaka niape au nikae nitazame picha?"

Mtu mmoja tu katika mji ule angeweza kusema Bi Mize alioshwa wapi, naye ni Bi Mgeni. Walipoingiza ubao uani, wakamtoa mama kwenye kitanda chake akauone, ulimi wake ulikuwa umekwisha kufungwa. Alinyoosha mkono, akagusa majani ya mkunazi kwa ncha za vidole. Akautazama ule mfereji uliozibwa. Akawatazama mabinti wake mmoja mmoja, kama mtu aliyerudishiwa mtoto wake akiwa amevishwa nguo za ulevi. Jua lilipopanda, roho yake ikatoka.

Sikilizeni sasa alichofanya Nunu.

Sheikh Mbwana alikuja, akauangalia ubao, akatikisa kichwa. "Huu umenajisika. Mvinyo umeingia ndani ya mti. Simlazi mja wa Mola juu ya uchafu huu. Usafishwe mpaka mbao yenyewe ionekane, na tundu lifunguke, la sivyo haufai."

Mwenyekiti wa kamati akadakia, "Maiti haingojeshwi. Cha bati kipo, kinang'aa, tena kina magurudumu."

"Mama yangu si sufuria," akasema Nunu.

Akafunga kanga kiunoni. Jirani aliyekuwa amekaa ukutani akacheka, hata katika msiba: "Nunu! Nunu asiyeweza kupasua dagaa? Leo utaona cha moto!"

Akachukua kombe la chaza akaanza kukwangua vanishi. Akasugua kwa mchanga, kwa jivu, kwa chokaa, kwa maji ya ndimu. Mafuta ya samaki yalitoka kama jasho. Nta ilitoka vipandevipande, na ndani yake nzi waliokauka. Alipofika kwenye tundu, alitia kisu motoni, akayeyusha gundi, akaingiza kidole. Kilichotoka sitakitaja chote. Palikuwa na miguu ya kamba iliyooza, na shahamu iliyogeuka nyeusi. Chini kabisa, katika giza la ule mti, akatoa donge la nywele, nyeupe na nyeusi, nywele za wanawake wa Tungwani. Nunu aligeuka akatapika. Akarudi. Akatapika tena, na hapakuwa na kitu tumboni ila maji machungu. Akarudi. Zile nywele alizikusanya kwenye kipande cha sanda zikazikwe, wala hakuziacha chini. Vidole vyake vilichanika, chokaa ikaingia kwenye vidonda, naye hakuondoa mikono. Yule jirani aliyecheka aliinuka bila kuambiwa, akawa anamteka maji.

Adhana ya adhuhuri iliposikika, Nunu alimimina maji kichwani mwa ubao. Yakateremka kwenye mfereji, yakatoka tunduni, safi. Sheikh aliyachota kwa kiganja, akayanusa, akasema, "Leteni sanda."

Bi Mgeni akaoshwa juu ya ubao wake, akazikwa kabla ya alasiri. Bwana Mahfudhi alikuja makaburini, akasimama nyuma ya wote, akatia udongo wake kimya kimya, akaondoka.

Laiti kesi ingeishia hapo. Tungefuta machozi, tukaenda zetu.

Lakini siku ya hitima, ubani ungali unafuka na mashuka ya msiba hayajakunjwa, mabinti watatu wa mama mmoja walisimama mbele ya Sheikh wakigombea mlango. Walisema kwa sauti ambayo wapita njia waliisikia. Mama yao alikuwa amewaosha wanawake wa mji mzima bila kufichua aibu ya hata mmoja, na wao hawakuweza kuisitiri aibu yake hata mpaka hitima iishe. Enyi mnaosikiliza, hili linakirihisha kuliko nywele za tunduni. Zile zilikuwa za wafu.

Batuli akasema, "Nisingenusa mimi, mngesafisha nini? Nyinyi mmepoteza nini? Mimi nimepoteza kazi, na mtu aliyetapika mbele ya wageni hakuna atakayemwajiri. Kila nikila nasikia ile harufu. Mlango nipeni mimi. Ndiyo, nitauuza. Watoto wangu hawali nakshi."

Somoe akasema, "Kunusa hata paka ananusa. Wewe ulinusa, ukafukuzwa, ubao ukabaki kulekule. Nani aliutoa? Mimi. Nami nimeutoa kwa kiapo ambacho sijui kama ni kweli au uongo, na nikifa nitaulizwa. Nimeweka akhera yangu rehani kwa ajili ya mama. Nyinyi mmeweka nini? Nina binti, anakaribia kuolewa. Mlango ulichongwa kwa ajili ya bibi harusi, na uende kwa bibi harusi."

Nunu hakuinua sauti. Alinyoosha mikono yake tu, imefungwa vitambaa. "Ubao ulioletwa Sheikh aliukataa. Mama hakusema atakayeuona, wala atakayeuleta. Alisema atakayenilaza. Nani alimlaza? Nataka mlango ukae hapa hapa ulipo, kwa sababu ni wa nyumba hii."

"Mtakatifu wetu!" Somoe akambeua. "Hapa anakaa nani kama si wewe?"

Nao wakiwa katika hayo, Bwana Mahfudhi akaingia. Minong'ono ikapanda barazani. "Haya hana!" mwanamke mmoja akasema kwa sauti. Mwingine akatema mate chini.

"Temeni," akasema Bwana Mahfudhi. "Mna mate mengi. Siku kuku walipotaga juu ya ule ubao mate yenu yalikuwa wapi? Sheikh, wewe ulipita pale mara ngapi kwa siku? Mwenyekiti, nani alisema unatia aibu? Mimi nilikula juu yake kwa ujinga. Nyinyi mliutupa kwa ujuzi. Nimechukia nafsi yangu tangu siku ile, sijaweza kushika brashi. Lakini Bi Mgeni alisema *yeyote*. Hakusema binti. Nisingeuokota, nisingeuchongea mguu, nisingewaua mchwa, Batuli angenusa jivu."

Akausogelea mlango, akaugonga mwimo wa kushoto kwa kifundo cha kidole. Ukalia utupu, na unga mwembamba ukamwagika kizingitini.

"Mchwa wameshaingia," akasema. "Mvua mbili, tatu, na hamtakuwa na mlango wa kugombea. Katika mji huu anayejua kuutibu ni mimi. Nikipewa nitautibu, utaishi. Lakini utaishi kwangu, mahali watakapouona watu, wala hakuna sahani itakayouegemea. Usipokuwa wangu, siugusi. Sitaponya tena vitu vya watu wanaovitupa."

"Unatufanyia biashara msibani," Sheikh akamwambia.

"Nanyi mnafanya nini?"

Sheikh Mbwana aliketi juu ya kizingiti. Alijua kwamba mwenye kumpa Batuli amempa mtu aliyepoteza riziki, na mlango utauzwa, na anayeweza kuununua ni mmoja tu. Mwenye kumpa Somoe amelipa kiapo kilichoapwa gizani. Mwenye kumpa Nunu ametenda kama maneno ya marehemu yalivyosema, na amewaachia mchwa karamu. Na mwenye kumpa Bwana Mahfudhi ameuokoa mlango, lakini nyumba aliyojengewa bibi harusi itafunikwa kwa pazia, na yule mama aliyesema "Hapana, mwanangu" maisha yake yote atakuwa amesema bure. Na tukisema wagawane, nani atachukua bawa la kulia na nani mwimo ulioliwa?

Sheikh aliinua macho, akawatazama wote, akasema, "Nami pia nilipita pale kila siku. Kesi hii mimi si wa kuihukumu." Akavaa viatu vyake akatoka, akawaacha wanne wamesimama.

Basi imekuja kwenu, nanyi hamna pa kutokea. Mola ametuamuru tukihukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu, hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Pua ilinusa, ulimi ukatoa, mikono ikasafisha, na yule aliyechafua ndiye aliyekuwa ameokoa. Ondoa mmoja wao, na Bi Mgeni analala juu ya bati. Nawauliza, na msitazamane: mlango wa Bi Mgeni ni wa nani? Wewe uliye karibu nami, anza.